Wiki Sita Bila Sauti

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na sauti inayofika getini. Mlinzi wa shule alikuwa akisema yeye hana haja ya kuvaa saa: akisikia jedwali la kuzidisha anajua ni saa tatu, akisikia watoto wanapasua silabi anajua chai ya walimu imeiva. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa siri mwanzoni, kisha siri ikazeeka ikawa jina. Mwenyewe hakuchukia. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha kwa njia moja: yeye anasema, watoto wanaitikia. "Someni baada yangu!" Na watoto hamsini na wawili wanasoma baada yake, kwa pamoja, mpaka mabati ya paa yanajibu. Aliamini, wala hakuwa peke yake katika imani hiyo, kwamba darasa linalosikika ndilo darasa linalosoma.

Basi asubuhi moja, katikati ya muhula wa pili, alifungua kinywa kusema "Hamjambo watoto," ikatoka hewa tupu.

Watoto walidhani ni mchezo mpya. Wakaitikia kwa hewa vilevile, midomo ikichezacheza bila sauti, kisha wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu akajaribu tena. Hola.

Si kwamba hakuonywa. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza tangu mwezi uliopita, naye akaitibu kwa maji ya moto, kwa asali, kwa tangawizi, na zaidi ya yote kwa kupaza zaidi. Daktari wa koo alimwingizia kioo kidogo kinywani, akamulika taa, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, una vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti. Ni kama sugu kwenye kiganja cha mtu wa jembe. Umelima miaka mingi bila kupumzika." Akavua glavu zake. "Dawa ni moja tu: unyamaze. Wiki sita."

"Hata…" alinong'ona mwalimu.

"Hata kunong'ona. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Ukishindwa kunyamaza, tutapasua."

Nyumbani, mumewe, ambaye alikuwa fundi bomba, aliisoma karatasi ya daktari mara mbili, akainua mikono juu. "Miaka kumi na tisa naomba siku moja ya kimya katika nyumba hii. Leo nimepewa wiki sita!" Mkewe akamrushia taulo. Lakini siku ya tatu haijaisha, fundi alikuwa akizunguka vyumbani kama mtu aliyepoteza funguo. "Mke wangu, nigombeze basi, hata kwa maandishi," alisema. "Nyumba imekuwa kama posta siku ya Jumapili."

Mwalimu Mkuu alitaka abaki nyumbani apumzike. Tatizo, hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yake. Watoto wangegawanywa kwenye madarasa mengine, wakae wanne wanne kwenye dawati la watu wawili, na muhula ungekuwa umekwenda na maji. Mwalimu akaandika kwenye daftari lake dogo: *Niache nijaribu wiki moja.*

"Utafundishaje bila mdomo?" aliuliza Mwalimu Mkuu. "Umesikia wapi kinyozi asiye na wembe?"

Akaandika: *Nina ubao, nina mikono, na nina Redio.*

Mwalimu Mkuu akacheka, akakubali. Hakuna mtu shuleni pale ambaye hakumjua Redio.

Redio alikuwa msichana wa miaka tisa, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na kama njiti ya kiberiti hakuhitaji kusuguliwa mara mbili. Dawati lake lilikuwa la kwanza karibu na mlango. Darasa likisoma kwa pamoja, sauti yake ndiyo iliyopanda juu ya nyingine zote, ikitangulia kufika nukta. Wageni wakija, yeye ndiye aliyesimamishwa kusoma shairi la kuwakaribisha. Alijua habari zote za mtaa na alizitoa kwa mpangilio: kwanza vifo, kisha harusi, kisha nani kagombana na nani. Mwalimu alimpenda, na hakuuficha sana upendo huo.

Jumatatu iliyofuata, basi, mwalimu aliingia darasani na chaki mpya, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: *Nimepoteza sauti. Daktari amenikataza kusema kwa wiki sita. Mimi nitaandika, ninyi mtasoma.* Akamwita Redio kwa kidole, akampa fimbo ya kuonyeshea, akamwashiria awasomee wenzake.

Redio alisimama wima. Aliutazama ubao. Akakohoa kidogo kama watangazaji.

"Hamjambo watoto! Leo mwalimu anaumwa koo. Kwa hiyo kaeni kimya, toeni madaftari, na asiyetoa atasimama kwenye kona!"

Kisha mvulana mmoja wa miwani, aliyekaa dirishani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, haijaandikwa hivyo."

Kicheko kikalipuka. Redio akacheka kuliko wote. "Nilikuwa natania!" Mwalimu naye akacheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Mtoto mchangamfu hakosi utani. Akafuta, akaandika mstari mwingine: *Fungueni kitabu cha kusoma, ukurasa wa thelathini na moja.* Akamwashiria tena.

Mkononi, bila kufikiri, mwalimu alikuwa ameshika kitabu cha hesabu.

"Toeni vitabu vya hesabu!" alisema Redio.

Safari hii mwalimu hakucheka. Kwa kuwa hakuwa na la kusema, alikuwa na nafasi ya kutazama. Macho ya yule mtoto hayakuwa yakipita juu ya maandishi. Yalikuwa yakikimbia kila mahali pengine: kwenye mkono wa mwalimu, kwenye midomo ya jirani yake wa dawati, kwenye uso wa yule wa miwani, yakirudi, yakienda, kama macho ya mtu anayevuka barabara yenye magari.

Mwalimu alimpigia makofi mawili, akachukua fimbo taratibu, akampa wa miwani. Hakutaka kumwaibisha. Redio akarudi kukaa huku akipunga mkono kama mgeni rasmi.

Wiki ile yote mwalimu alisikiliza. Lilikuwa jambo geni kwake. Mtu anayeimba hasikii kwaya. Sasa ndiyo kwanza alikuwa amesimama nje ya kwaya. Wa miwani aliposoma na darasa kumfuata, mwalimu alizunguka kati ya madawati, akainama kama anaokota kitu, sikio lake karibu na midomo. Akagundua kwamba Redio hakutangulia hata siku moja. Alisubiri silabi ya kwanza itoke kwa jirani yake, aidake hewani, kisha aipite mbio kwa ule ulimi wake mwepesi, hata mtu akadhani yeye ndiye aliyeianzisha. Akishasikia mstari mara moja, ulikuwa wake milele. Mstari mpya, usiosomwa na mtu bado, ulimkuta mdomo wazi.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimzuia darasani. Akamwekea mbele kitabu cha darasa la kwanza, ukurasa wenye picha ya kuku. Chini ya picha palikuwa pameandikwa: *Kuku ametaga yai.*

"Kuku amelalia mayai yake," alisema Redio upesi, "anangoja vifaranga."

Mwalimu akaweka kiganja juu ya picha, maneno yakabaki peke yake.

Nje, watoto walikuwa wakikimbizana, vumbi likipanda mpaka dirishani. Redio alitazama kile kiganja, akatazama maneno, akatazama kiganja tena. Kisha akauliza, bila hila yoyote, kama anayedai haki yake:

"Sasa mwalimu, ukimfunika kuku, mimi nitajuaje?"

Mwalimu alimruhusu aende kucheza. Yeye alibaki ameketi kwenye lile dawati dogo, magoti yakigusa ubao wa juu, mpaka watoto waliporudi.

Mchana ule, katika ofisi ya walimu, alifungua kabati akatoa ripoti za muhula uliopita. Hakuhitaji kutafuta sana. *Kusoma: vizuri sana. Anasoma kwa sauti na kwa kujiamini.* Mwandiko ni wake mwenyewe, wino wa bluu, na chini yake sahihi yenye mkia. Kwa sauti, ndiyo. Hapo hakudanganya mtu. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kumsikiliza mtoto huyu akisoma peke yake, ukurasa ambao hakuna aliyeutangulia. Hakukumbuka. Akajaribu kukumbuka ni lini alimsikiliza mtoto yeyote. Watoto hamsini na wawili, vipindi vya dakika arobaini. Hesabu ilimpa udhuru, lakini udhuru haukumshibisha.

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisahihisha upande wa pili wa meza, alimwona amekaa na ripoti mkononi, akanyoosha shingo. Mwalimu akamwandikia kwa ufupi yaliyotokea.

"Aa, si nilisema mimi?" alisema yule mwenzake. "Debe tupu haliachi kuvuma."

Mwalimu akashika kalamu, akaandika kwa herufi kubwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka: *DEBE NIMELIPIGA MIMI.*

Mwenzake akasoma, akakuna kidevu, akarudi kwenye madaftari yake.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi aliamka na uamuzi: aende kwa mama mtu. Barua aliiandika mara nne. Tatu za kwanza alizichana, kwa sababu kila moja ilikuwa na lile neno *hajui*, na kila alipolisoma aliona ni yeye anayestahili kuandikiwa. Ya nne ilisema hivi: *Mama, habari za kazi. Naomba ruhusa binti yako abaki nami saa moja kila siku baada ya masomo, wiki hizi ninazougua. Ananisaidia sana. Nitamrudisha mimi mwenyewe.* Basi. Mengine, alifikiri, wangeyamaliza polepole, wao wawili, bila mtaa kujua.

Mama yake Redio alikuwa na saluni ya nywele, chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na mashine ya kukaushia nywele inayounguruma kama mzee mwenye mafua. Ijumaa ile baada ya masomo, Redio alitangulia njiani akiongea bila kituo: paka wa jirani kazaa, fundi viatu kahama, kioo cha saluni kilipasuliwa na mteja aliyejiona. Lakini walipokata kona ya mwisho alinyamaza. Alikuwa ameiona ile karatasi iliyokunjwa mkononi mwa mwalimu.

"Mwalimu!" Mama aliinua mikono iliyojaa dawa ya nywele mpaka karibu na viwiko. Mbele yake mteja alikuwa ameinamisha kichwa, nywele zimetapakaa povu jeusi. Mwingine alikuwa chini ya mashine na gazeti lake. "Karibu, karibu sana. Hukai? Jamani leo tumekosa nini?"

"Mwalimu hasemi, mama," alisema Redio kwa sauti ndogo. "Daktari amemkataza."

"Masikini. Pole sana, mwalimu." Mama akaiona karatasi anayonyooshewa, akatazama mikono yake, akacheka. "Sasa hii nitaipakaa rangi. Mwanangu, hebu ipokee unisomee. Si wewe ndiye msomaji wa nyumba hii?"

Mwalimu alitaka kuirudisha karatasi mfukoni. Alichelewa. Redio alikuwa ameshaipokea, ameifunua kwa mikono miwili.

Mashine ya nywele ikaunguruma. Mteja wa gazeti akaacha kugeuza kurasa. Mwalimu alimtazama mtoto akiitazama karatasi, na alijua vitu viwili kwa pamoja: kwamba mtoto huyu angeweza kutunga barua nzuri kuliko ile, barua ya sifa na pongezi, hapohapo, bila kigugumizi, na kwamba yeye, kwa amri ya daktari, asingeweza kusema neno.

"Mwalimu anasema…" alianza Redio, kwa ile sauti yake ya kutangaza. Ikamkatikia. "Anasema mimi sijui kusoma."

"Anasema nini?"

"Sijui kusoma, mama. Hata kidogo. Anasema ba be bi bo bu najua kwa kuimba tu. Anasema nawasikiliza wenzangu, halafu nawapita." Macho hakuyaondoa juu ya karatasi, kana kwamba kila neno lilikuwepo pale. "Anasema nimemdanganya yeye, na nimekudanganya wewe." Hapo akainua uso, akamtazama mwalimu, na sauti ikageuka ikawa karibu swali. "Anasema… hajakasirika?"

Mwalimu akatikisa kichwa: hajakasirika. Akatikisa tena na tena, mpaka miwani yake ikamteleza puani.

Mama alibaki na mikono hewani, matone meusi yakidondoka sakafuni. "Na kile kitabu cha sungura unachomsomea mdogo wako kila jioni?"

"Naangalia picha."

"Ndiyo maana!" Mama akashika kiuno na dawa zake zote. "Juzi sungura kaoa, jana kafa, leo ndiye mfalme! Nikasema vitabu vya siku hizi vina mambo!"

Mteja mwenye povu akacheka, dawa ikamwingia jichoni, akapiga yowe, na kwa dakika kadhaa kazi ikawa ni maji na taulo. Yule wa gazeti alisema kutoka chini ya mashine yake, bila kuulizwa, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto kasema mwenyewe. Hiyo tayari ni nusu ya dawa."

"Wewe dada tulia, zako hazijakauka," alisema mama. Lakini sauti yake ilikuwa imelegea. Alinawa mikono, akaikausha kwenye aproni, akamwondolea mwanawe karatasi vidoleni. Akaisoma. Mwalimu aliona midomo yake ikipita juu ya maneno, ikifika mwisho, ikirudi mwanzo. Kisha mama akainua macho, akamtazama mwalimu, akamtazama mtoto, akamtazama mwalimu tena.

Mwalimu akaweka kidole kwenye midomo.

Mama akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Ndivyo alivyoandika," alisema. "Vilevile. Hukuruka hata neno." Akamvuta mwanawe, akakibana kile kichwa kidogo tumboni kwake. "Mimi nilikuwa namsifia kwa kila anayekaa kwenye kiti hiki, mwalimu. Kumbe tulikuwa watu wawili tusiomuuliza." Kisha akasema achukuliwe hata saa mbili, ilimradi arudi akiwa hai.

Wakaanza Jumatatu. Mtu anamfundishaje mtoto kusoma asipoweza kutamka hata herufi? Mwalimu hakujua, na alikaa siku mbili za mapumziko akikuna kichwa juu ya hilo. Mwishowe akaona kwamba sauti ipo. Ila si yake. Alikata maboksi ya sabuni kwa mkasi, akaandika silabi moja kwenye kila kipande. Wakakubaliana ishara: kugonga meza mara moja, endelea, mara mbili, tazama tena.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwa wote wawili. Redio aliimba *ba be bi bo bu* vizuri kama kinanda, lakini mwalimu akiinua *bo* peke yake, ilibidi mtoto aanzie mwanzo, kimoyomoyo, akihesabu kwa vidole chini ya dawati, mpaka afike. Kuifikia *mu* ilikuwa safari. Ilikuwa kama mtu anayejua nyumba ya rafiki yake kwa kuhesabu tu milango kutoka mwanzo wa mtaa: ukimshusha katikati, amepotea. Mwalimu alichanganya vipande, akavitawanya sakafuni, akamtaka aitaje silabi mwenyewe, kisha arukie kipande chake. Mara mbili. Tazama tena. Mara mbili. Siku moja Redio aliinuka akapiga kipande teke. "Wenzangu wote wanajua! Mimi kichwa changu kina tundu!" Zamani mwalimu angemkemea, au angemfariji, maneno yangetoka tu. Sasa alikwenda akakiokota kile kipande, akakipangusa vumbi, akakirudisha mahali pake, akaketi. Baada ya muda Redio naye akaketi.

Wiki ya tatu mwalimu alipata wazo lingine. Mtoto huyu anatunga, basi atunge. Akamwashiria asimulie, chochote, naye akaandika kila neno lilivyotoka kinywani mwake. Redio, akifurahi kupewa kipaza sauti, alisimulia mambo ya saluni: *Mama amempaka mteja dawa. Dawa imeingia machoni. Mteja amelia.* Mwalimu akayaandika kwenye ukanda mrefu wa boksi. Redio akayasoma bila shida, bila shaka. Yalikuwa maneno yake. Ndipo mwalimu akachukua mkasi, akalikata kila neno mbali na jingine, akavichanganya vile vipande kama karata, akavipanga upya mezani, na kumsogezea.

Redio aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisogea taratibu, midomo ikitafuta. "Mte… ja. Mteja. Ame… mpa… amempaka…" Akasimama. Akasogeza kidole. "Ma… ma. Mama. Da-wa."

Akakunja uso. Akarudia kutoka mwanzo. Halafu akamgeukia mwalimu na mshangao wa mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Mwalimu, umekosea! Si mteja aliyempaka mama! Mama ndiye aliyempaka mteja!"

Mwalimu aliruka kitini. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa, na kama si kukiziba kwa mikono yote miwili, wiki tatu za kunyamaza zingeishia pale. Hakuna jirani aliyemtangulia. Hapakuwa na picha ya kuku. Yale maneno yalisema jambo ambalo mtoto hakulitarajia, naye akalisikia kwa macho. Mwalimu aligonga meza mara moja, akangoja kidogo, akagonga tena, mara moja, mara moja, endelea, endelea, huku machozi yakimtiririka, na Redio akamtazama kwa wasiwasi. "Usilie mwalimu, tutapanga upya."

Huku darasani nako mambo yalikuwa yamebadilika, wala si kwa watoto wote kwa uzuri. Kwa kuwa mwalimu hakuweza kuongoza kwaya, kila siku aliwaita kumi, mmoja mmoja, kando ya meza yake, kila mmoja na ukurasa wake mpya, wengine wakiandika. Watukutu walitumia nafasi ile kurushiana vifutio, na mara moja aliyekuwa akisoma alikatizwa na dawati lililopinduka. Siku nyingine alirudi nyumbani amechoka kuliko alivyowahi kuchoka kwa kupiga kelele. Lakini mwisho wa wiki ya nne alikuwa na orodha. Watoto sita wengine walikuwa wakiishi ndani ya kwaya kama Redio, ila wao hawakuwa na sauti kubwa, kwa hiyo hawakuwahi kusifiwa. Walikaa kimya katikati ya kelele na hakuna aliyewatambua. Wawili kati yao alikuwa amewaandikia *mvivu*.

Ile saa ya baada ya masomo ikawa na watu saba. Redio, aliyekwisha kupita pale walipo wenzake, aliwagongea meza. Alikuwa mkali. Mwalimu Mkuu alipita siku moja, akachungulia mlangoni. "Nimesikia kimya, nikadhani mmetoroka," alisema. Alisimama kidogo akitazama, mikono nyuma, kisha akaondoka kwa kunyata, yeye ambaye viatu vyake vilijulikana shule nzima.

Wiki ya sita ilipotimia, daktari alimulika tena, akaguna kwa kuridhika. Vinundu vilikuwa vimenywea. "Sauti utaipata, lakini si ile. Ukitaka kuitunza, iwe ya kuzungumza na mtu aliye karibu."

Fundi bomba alimngoja sebuleni kama anayengoja mtoto azaliwe. "Haya, mke wangu. Neno la kwanza."

Mwalimu akajaribu. Sauti ilitoka nzito kidogo, yenye kutu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. "Bomba la jikoni bado linavuja."

"Ndiye yeye!" alisema mumewe. "Wamenirudishia mwenyewe!"

Darasani alipowaambia "Hamjambo," watoto walishtuka kwa udogo wa ile sauti, wakanyamaza wenyewe ili waisikie. Aliwafungulia ukurasa mpya, habari ya siafu wanaohama. Alijiona akishika pumzi ya kusema maneno yale matatu ya miaka yote, na watoto nao wamejaza vifua hewa tayari kuitikia. Akaiachia pumzi ile.

"Nani angependa kuanza?" aliuliza.

Mikono ilinyooshwa. Wa miwani, kama kawaida. Wengine wanne. Na mkono mmoja mwembamba karibu na mlango, umenyooshwa nusu, ukishuka, ukipanda.

Redio alisimama. Kila mtu darasani alimjua Redio, lakini sauti iliyotoka hakuna aliyeijua. Ilikuwa ndogo, ya kupapasa, kama ya mtu anayetembea chumbani gizani mikono mbele. "Si-a-fu… siafu… wa-na-po…" Kidole chake kilikuwa kimekandamiza karatasi mpaka ukucha umekuwa mweupe. Mtoto mmoja akacheka. Jirani yake wa dawati, yule aliyemwazima silabi za kwanza kwa mwaka mzima bila kujua, akamhurumia, akainama kumnong'oneza neno.

"Usiniambie," alisema Redio, bila kuinua macho.

Jirani akajirudi. Mwalimu, ambaye naye neno lilikuwa limemfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Darasa zima likangoja. Haikuwa rahisi kungoja; wawili walikuwa wakijinyonganyonga, na mmoja alikuwa amelala usingizi wa kweli.

"Wa-na-po-ha… wanapohama," alisema Redio, "hu… hu-fu-a… hufuatana."

Akafika kwenye nukta. Akavuta pumzi, akasogeza kidole chini, akaanza mstari wa pili.